Kupima kitu kidogo kuliko pikseli, inawezekanaje?

Muulizaji: Wakuu habari, napima kipenyo cha shafti kwa kamera hapa karakana, pikseli moja ni kama milimita 0.05, sasa jamaa ananiambia naweza kufika 0.005. Inatoka wapi wakati pikseli yenyewe ni kubwa hivyo?

Jibu: Mkuu kuza picha pale pembeni ya shafti, utaona nyeusi hairuki ghafla kuwa nyeupe, katikati kuna pikseli ya kijivu na hiyo ndo dhahabu yako. Tuseme kwenye kipimo cha mwangaza cha 0 (nyeusi) hadi 255 (nyeupe kabisa) shafti inasoma 20, mwanga wa nyuma 220, ya mpakani 70. Toa 20 inabaki 50, gawa kwa 200 unapata robo, yaani mwanga umeingia robo tu na robo tatu ni chuma, basi mpaka umeshaupata ndani ya pikseli. Ukifanya hivyo mistari mia kando ya shafti halafu ukachukua wastani, kelele za sensa (yale makosa madogo yanayobadilika badilika kwenye usomaji) zinapungua mara kumi hivi.

Jibu: Wanaastronomia wanaishi kwa hili. Gaia, setilaiti ya Ulaya iliyorushwa 2013, pikseli yake ilikuwa inafunika milisekunde 59 za tao (kipimo kidogo sana cha pembe, si cha muda) lakini nyota angavu wamezipima hadi kama 0.02, kwa kutafuta kitovu cha mwanga na kurudia miaka kibao.

Jibu: Angalia tu mwanga usizidi jamani, mimi nyeupe ilipiga 255 shafti ikasoma nyembamba, nikahangaika siku nzima. Na lenzi uikalibreti, yaani uilinganishe na kipimo unachokijua.

Muulizaji: Daah asanteni sana, kumbe yangu inasoma 255 kila mahali, napunguza taa sasa hivi.