Watafiti wa baiomedikali infomatiki kwenye hospitali za vyuo vikuu wanafanya nini hasa? Naomba kueleweshwa

Tabibu wa Zahanati

Habari za humu ndani wakuu. Mimi ni tabibu, mwaka wa sita huu nipo zahanati moja huku kanda ya kati, na ukiacha kuona wagonjwa ndo mimi ninayekaa na vitabu vya MTUHA (vile vya takwimu za huduma za afya) kila mwisho wa mwezi, kujumlisha, kujaza fomu, kupeleka wilayani. Nikajiendeleza nikapata digrii ya mifumo ya taarifa za afya, na sasa nimepata nafasi ya masta ya baiomedikali infomatiki chuo kimoja Marekani chenye hospitali yake kubwa hapohapo, bado barua ya ufadhili tu.

Shida iko nyumbani. Baba mdogo ndo kanisomesha tangu mzee afariki, na yeye anasema naacha kutibu watu naenda kutengeneza kompyuta. Nikitaka kumjibu nakwama, maana nimeingia kwenye tovuti za hizo idara naona huyu daktari wa moyo, huyu mtu wa takwimu, yule kasomea lugha, na wote ni watafiti wa idara moja. Sasa wanakutana wapi?

Kuna jambo moja nilitaka kuwauliza pia. Mwaka jana nikiwa najumlisha nikaona uzito wa watoto miezi mitatu mfululizo unaishia na kilo kamili au nusu, 8, 8.5, 9, 9.5, hakuna hata mtoto mmoja wa 8.3. Nikaenda kliniki kuutazama mzani wa kuning'iniza nikakuta mshale umelegea unachezacheza, kwahiyo muuguzi alikuwa anakadiria tu kwa nia njema, foleni ndefu na watoto wanalia. Nikamwambia anayepokea ripoti akasema jumla ziko sawa basi. Mimi sikulala vizuri siku ile, nikawa nawaza ni watoto wangapi tuliwaandika wako sawa kumbe wamepungua. Hivi kitu kama hiki kina nafasi kwenye hiyo fani au nachanganya mambo?

Mwana wa Pangani

Mkuu kwanza nifikishie shikamoo kwa baba mdogo, na umwambie hujaacha kutibu watu. Mimi nipo kwenye idara ya namna hiyo huku Marekani mwaka wa kumi sasa, kituo chenyewe nisikitaje, nitakueleza kazi.

Wale wa kutengeneza kompyuta wapo na ni wengine kabisa, wana jengo lao, kazi yao sistimu isizime saa nane usiku. Sisi tunashughulika na kilichomo ndani. Hospitali ya chuo ina faili za wagonjwa za miaka na miaka, na kila faili liliandikwa na mtu aliyekuwa anamtibu mgonjwa au anayedai bima, hakuna aliyeliandika kwa ajili ya utafiti. Sasa wewe mtafiti unakuja unasema nataka wagonjwa wote wa kisukari. Utasema rahisi, si watafute wenye namba ya kisukari ya ICD, ile orodha ya kimataifa ya namba za magonjwa. Ukifanya hivyo umeumia, maana daktari akihisi kisukari tu akaagiza kipimo, namba ile inaweza kuingia kwenye faili ili bima ilipie kipimo, majibu yakarudi safi lakini namba imebaki humohumo. Ukisema basi nichukue wanaotumia metformin, dawa ya kisukari, kuna akina dada wanapewa hiyohiyo kwa matatizo ya vifuko kwenye ovari na hawana sukari kabisa. Kwahiyo mnakaa mnatengeneza kanuni, awe na namba ya ugonjwa mara mbili au zaidi, na dawa, na kipimo cha HbA1c (kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi kama mitatu) kilichofika asilimia 6.5, alafu hiyo kanuni mnaipima. Kuipima ndo hivi: madaktari wawili wanapewa faili mia moja zilezile, kila mmoja anasoma peke yake bila kumuuliza mwenzie, huyu anao huyu hana, mwisho mnalinganisha. Nimekaa vikao vya saa tatu watu wanabishana juu ya sentensi moja aliyoandika muuguzi miaka kumi nyuma. Pale ndipo daktari wa moyo, mtu wa takwimu na mtu wa lugha wanapokutana, wa lugha kazi yake kufundisha kompyuta kwamba "hana kisukari" na "mama yake ana kisukari" sio "ana kisukari".

Ukitaka kuona kazi hii inafika wapi soma habari za Vanderbilt pale Nashville. Mwaka 2007 walianza benki inaitwa BioVU, wanachukua damu iliyobaki baada ya vipimo vya kawaida ambayo ingemwagwa, wanatoa DNA, wanaiunganisha na faili la mgonjwa lililoondolewa jina na tarehe zake zote zikasogezwa kwa idadi ileile ya siku, ili mpangilio wa matukio ubaki lakini mtu asijulikane. Mwaka 2010 Joshua Denny na wenzake wakatoa njia inaitwa PheWAS. Watu walikuwa wamezoea kuchukua ugonjwa mmoja na kuusaka kwenye jeni zote, wao wakageuza, wakachukua badiliko moja la jeni wakauliza kwenye mafaili linaendana na magonjwa gani yote. Bila ile kazi ya kuchambua nani ana nini kweli usingeweza hata kuanza.

Sasa mzani wako. Ndugu yangu hiyo NDIYO fani. Mwaka 2018 watafiti wa Harvard walichapisha kazi kwenye BMJ, jarida la kitabibu la Uingereza, waliangalia vipimo vya maabara kutoka hospitali mbili za Boston wakakuta kwamba kwa vipimo vingi, saa na siku kipimo kilipoagizwa ilibashiri nani atakuwa hai baada ya miaka 3 vizuri kuliko jibu lenyewe la kipimo. Maana mtu anayetolewa damu saa kumi alfajiri kuna kitu kimemtisha daktari. Namba ina mazingira ilimozaliwa. Wewe uliona 8.5 zimezidi, ukainuka kwenye kiti ukaenda kuushika mzani. Nina wanafunzi hapa wanaandika programu nzuri sana na itanichukua mwaka mzima kuwafundisha kuinuka kwenye kiti.

Karani wa Data, Eldoret

Naomba nichangie pia maana hii story naijua kutoka upande wa chini. Mimi nilianza kama karani wa data kliniki ya HIV huku magharibi mwa Kenya. Wengi hawajui kwamba OpenMRS, hii programu ya kutunza faili za wagonjwa inayotumika nchi nyingi, mizizi yake iko huku kwetu. Chuo Kikuu cha Moi na kile cha Indiana, Marekani, walikuwa wameshirikiana kitambo, mwaka 2001 wakaweka mfumo wa kompyuta kituo cha afya cha Mosoriot, kituo cha mashambani kabisa, alafu wagonjwa wa HIV walipozidi ule mfumo ukawa hautoshi. Watafiti wa taasisi ya Regenstrief kule Indianapolis, Burke Mamlin na Paul Biondich, wakaona waanze upya 2004, wakajiunga na akina Hamish Fraser wa shirika la afya la Partners In Health, na Eldoret ikaanza kuutumia 2006, Rwanda ikafuata mwaka huohuo.

Lakini mimi nataka kusema juu ya tarehe ya kuzaliwa. Shosho, yaani bibi mzee, anakuja, unamuuliza umezaliwa lini, anakwambia nilikuwa msichana wa kuchunga mbuzi wakati wa Emergency, ile hali ya hatari ya mkoloni miaka ya hamsini. Sasa hapo uandike nini? Kompyuta ukiipa umri tu inaweka tarehe 1 Januari ya mwaka huo, na kuna kisanduku kidogo cha kuonyesha kwamba tarehe imekadiriwa. Nilikuwa nawaambia makarani wapya kila siku, hicho kisanduku msikiguse, msikitoe tiki ati ndio fomu ionekane safi. Mtu akikitoa, anayekuja miaka kumi baadaye ataona shosho ana tarehe kamili kama aliyezaliwa hospitali na ataiamini.

Kwahivyo daktari, hiyo miaka yako sita usiifiche kwa barua. Iweke juu kabisa.

Mkalimani wa Kentucky

Dada Karani umenigusa. Mimi ni mkalimani wa Kiswahili hospitalini, wengi ninaowahudumia ni Wakongomani waliokaa kambi ya Nyarugusu kule Kigoma miaka mingi kabla ya kuletwa huku. Asilimia kubwa wana tarehe 01/01. Ukienda nyumba moja baba 01/01, mama 01/01, shemeji 01/01.

Siku moja hospitali moja huku nimekaa na mama mmoja, daktari anafungua skrini anaanza kumweleza kuhusu upasuaji wa nyongo aliofanyiwa. Mama ananiangalia, ananiambia mwanangu mimi sijawahi kupasuliwa. Nikamwambia daktari. Wakatafuta wakakuta mafaili ya akina mama wawili yameunganishwa, jina la kwanza moja, la pili linafanana kasoro herufi moja, mwaka mmoja, 01/01. Na kwenye lile faili kulikuwa na dawa mwili wa yule mwingine unaikataa, huyu wangu anaitumia bila shida. Namshukuru Mungu mama aliongea, wengi wananyamaza kwa heshima ya daktari. Hivi hao watafiti wanalijua hili?

Mwana wa Pangani

Pole sana, na ahsante kwa kuuliza, hili linafanyiwa utafiti na ni la kufa na kupona. Programu inayolinganisha mafaili inatoa alama. Vitu viwili vikifanana alama zinapanda, na kitu adimu kikifanana zinapanda zaidi, ndio msingi wake tangu Fellegi na Sunter walipouandika 1969. Ikiwa siku za kuzaliwa zimesambaa mwaka mzima, watu wawili kugongana tarehe ni jambo kubwa, kwahiyo programu inaipa tarehe uzito mkubwa. Lakini kwa watu waliotoka kambini 01/01 haina uzito wowote, ni sawa na kusema wote wana pua. Dawa yake ni kuiambia programu kwamba tarehe hiyo ihesabiwe kidogo sana, itegemee jina la mama, simu, anwani ya zamani, na ikikaribiana tu isiunganishe yenyewe, imwite binadamu. Ila ili uiambie hivyo lazima kwanza kuwe na mtu mezani anayejua kambi ni nini na shosho alizaliwa wakati gani. Kwenye kikao hicho mara nyingi nakuwa peke yangu. Tabibu, njoo.

Tabibu wa Zahanati

Wakuu nashukuruni kutoka moyoni, nimesoma yote mara mbili. Jana usiku nikampigia baba mdogo nikamsomea ya mkalimani na jibu lake, neno kwa neno. Akanyamaza nikadhani simu imekatika. Kumbe anatafuta kitambulisho chake, akaniambia hapa wameniandika tarehe moja mwezi wa saba, na bibi yako kila siku alikuwa anasema nimezaliwa mvua inanyesha mpaka mkunga akachelewa kuvuka korongo. Huku kwetu mwezi wa saba hakunyeshi.

Alafu akaniuliza naondoka lini.