Meli ya Durban–Msumbiji kwa paspoti ya Kongo: viza ya Afrika Kusini peke yake inatosha?

Dada wa Kamalondo

Jambo sana ba ndugu. Tuko watu wanne hapa Lubumbashi: mimi, mume wangu, binti yetu wa miaka 9, na mtoto wa marehemu dada yangu, miaka 13, tunayemlea. Tunataka kupanda meli ya matembezi Durban mwezi wa kwanza. Ni siku nne, inagusa Pomene upande wa Msumbiji, kisha inarudi Durban. Ajansi inasema viza ya Afrika Kusini inatosha, tulipe sehemu ya pesa haraka kabla vyumba havijaisha. Je, ni kweli? Na ni karatasi gani inayoweza kuturudisha tukiwa tayari bandarini?

Papa Safari

Mama, usilipe bado.

Meli ikitoka Durban kwenda Msumbiji, ninyi mmetoka Afrika Kusini. Mkirudi siku ya nne, mnaingia upya. Viza ya kuingia mara moja inakwisha kazi siku ile ile ya kupanda meli, na hapo ndipo watu wengi wanakwama. Ombeni viza ya kuingia mara nyingi. Muiseme kwenye fomu na tena kwenye barua ya maombi, na muambatanishe ratiba ya meli yenye tarehe ya kutoka Durban, kituo cha Msumbiji na tarehe ya kurudi. Ofisa akiona tiketi ya ndege ya Lubumbashi–Johannesburg tu, kwake ninyi ni watalii wa wiki moja na atawapa ya mara moja. Hatakuwa amekosea.

Siku ya kuchukua paspoti, msiondoke kwenye dirisha kabla ya kusoma stika ya kila mmoja: idadi ya kuingia, tarehe, majina, namba ya paspoti. Paspoti yenyewe iwe hai angalau siku 30 baada ya safari kwisha, na iwe na kurasa mbili nyeupe.

Msumbiji sasa. Mwaka 2023 iliwaondolea viza watalii wa nchi 29. Kongo yetu haikuwa kwenye orodha. Msikisie kwamba kukanyaga mchanga saa chache hakuhesabiwi, wala kwamba mkibaki chumbani mmesalimika. Iandikieni kampuni ya meli yenyewe, si ajansi: sisi ni raia wa Kongo-Kinshasa, meli hii, tarehe hii, tunahitaji viza ya Msumbiji, ndiyo au hapana? Jibu liwe la maandishi, mlichapishe, mtembee nalo. Ikiwa ndiyo, Msumbiji ina mfumo wa viza kwa intaneti tangu mwisho wa 2022. Andikeni «Kinshasa» waziwazi, na kwenye fomu mchague COD, alama ya Kongo yetu. COG ni Brazzaville, na mashine haitajua kwamba mlikosea.

Majina nayo ni mtego kwetu sisi wenye jina, postnom (jina linalofuata lile la ukoo) na prénom (jina la kwanza). Ajansi huandika mawili na kuacha la tatu. Fungueni ukurasa wa picha, angalieni mistari miwili ya chini kabisa. Wa kwanza unaanza na P, kisha kuna COD, halafu majina. Kilicho kabla ya alama mbili << ni jina la ukoo kwa mashine, kilicho baada yake ni majina mengine. Tiketi ya ndege na ya meli ziandikwe hivyo hivyo, herufi kwa herufi.

Kwa kawaida mkataba wa meli unasema karatasi ni jukumu la abiria. Asiye na viza anaachwa kwenye gati na pesa yake hairudi. Ndiyo sababu jibu la kampuni linatangulia malipo.

Muuguzi wa Katuba

Naongeza ya afya, maana Papa Safari hakuyagusa.

Chanjo ya homa ya manjano: Afrika Kusini inadai kadi kwa kila anayetoka Kongo. Inaanza kuhesabika siku ya 10 baada ya sindano, kwa hiyo kuchomwa wiki ya safari ni bure. Tangu Julai 2016 kadi ni ya maisha yote, hata ile iliyoandikwa miaka 10. Muhakikishe ina tarehe, namba ya kundi la chanjo, sahihi na muhuri, na kwamba jina ni lile la paspoti. Msinunue kadi bila sindano. Virusi havisomi muhuri.

Malaria ndiyo inayonihangaisha zaidi. Mtu anaweza kutoka Lubumbashi mzima, homa ikamshika katikati ya bahari. Daktari wa meli anaweza kufikiria mafua kwanza. Mwambieni neno la kwanza kabisa: tunatoka eneo la malaria, tunaomba kipimo. Kwa mtoto wa miaka 9, kungoja mpaka kesho ni hatari.

Kukiwa na Ebola popote nchini, tegemeeni fomu ya meli iwaulize mlikuwa wapi siku 21 zilizopita. Ndio muda mrefu zaidi ambao ugonjwa unajificha. Kwa anayesoma fomu Durban, Lubumbashi na mkoa wa mbali kama Kasai vinaweza kuwa kitu kimoja. Jibuni ukweli, taja mji wenu, na mwonyeshe tarehe za tiketi.

Dawa zikae kwenye boksi lake pamoja na karatasi ya daktari. Ya kichefuchefu cha bahari inywewe nusu saa hadi saa moja kabla meli haijaanza kuyumba. Ukishaanza kutapika, kidonge hakikai tumboni. Na kama kuna mjamzito: kampuni nyingi hazimpokei aliyefika wiki ya 24.

Dada wa Kamalondo

Aksanti sana, Papa, na wewe Muuguzi. Malipo tumesimamisha. Kwa huyu wa miaka 13: tuna attestation de naissance (karatasi ya kuzaliwa) ya hospitali tu. Baba yake yuko hai, anaishi Kolwezi.

Mama Mwanasheria

Pole kwa dada yako, Mama. Huyu mtoto ndiye faili lako gumu. Anza naye leo, kabla ya viza ya mtu yeyote.

Attestation ya hospitali haitoshi. Unatakiwa kuwa na acte (cheti rasmi) ya kuzaliwa ya état civil, ofisi ya serikali inayoandikisha vizazi na vifo, nakala kamili yenye majina ya wazazi wote wawili. Kama hakuandikishwa wakati wake, komini haitakupa hivi hivi: unapitia tribunali (mahakama) ya watoto upate hukumu ya kuzaliwa, ndipo état civil inaandika. Hilo linakula wiki kadhaa.

Kisha acte ya kifo ya mama yake, barua ya ruhusa ya baba iliyosainiwa mbele ya notere pamoja na nakala ya kitambulisho chake na namba ya simu, na hukumu inayokutambua wewe kama mlezi. Watu huleta barua ya baba peke yake. Inaonyesha kwamba anakubali mtoto asafiri, haionyeshi wewe ni nani kwake. Hukumu za ulezi na za kuzaliwa ziombeni pamoja, tribunali ni ile ile.

Binti yenu ni rahisi: acte kamili, kwa kuwa mnasafiri naye wote wawili. Karatasi zote za Kifaransa zitafsiriwe Kiingereza na mtafsiri aliyeapishwa, na asili zitembee na ninyi hata baada ya viza kutoka.

Kijana wa Ruashi

La mizigo kwa haraka: pasi, birika la umeme na kamba za kuongeza plagi zitachukuliwa mlangoni mwa meli kwa hofu ya moto. Vinkubala (viwavi vikavu) na samaki wakavu viacheni nyumbani. Afrika Kusini inataka kibali kwa vitu vya wanyama.

Pomene hakuna gati. Mnashuka kwa mashua ndogo, na upepo ukikaza nahodha anafuta kushuka, kwa hiyo mnaweza kulipia viza ya Msumbiji halafu mchanga msiuone. Simu ziwe kwenye hali ya ndege, maana mtandao wa satelaiti wa meli unakula salio vibaya.

Johannesburg mnachukua mabegi wenyewe, mnapita forodha, mnayakabidhi tena kwa ndege ya Durban. Acheni nafasi ya masaa matatu hapo, na mlale Durban usiku mmoja kabla ya meli.