Chuo Kampala kimekula ada ya mdogo wangu miaka 2: kozi ya bili na misimbo ya tiba, vitini vya mwaka ambao Marekani wenyewe walishautupa

Wanajamvi, wakubwa shikamooni, wadogo habari zenu. Uzi huu nimeuandika mara mbili nikaufuta kwa sababu ulijaa matusi. Huu wa tatu nauacha usomwe.

Mimi ni wakala wa forodha hapa Malaba, upande wa Uganda, mwaka wa 14 sasa. Baba alifariki mdogo wetu wa mwisho akiwa P.5, yaani darasa la tano, na tangu siku hiyo ada yake inatoka mfukoni mwangu. Binti ana kichwa. Alimaliza S.6, yaani kidato cha sita, na Bayolojia na Kemia, alama hazikutosha kupata nafasi ya serikali, na uwezo wa kumlipia udaktari mimi sina. Ndipo akaniletea karatasi ya chuo kimoja cha Kampala, ghorofa ya tatu, hatua chache kutoka Old Taxi Park. Stashahada ya bili na misimbo ya tiba, miaka 2. Chini wameandika kwa herufi nene: mtihani wa Marekani, kazi ya dola ukiwa nyumbani kwako.

Kwa asiyeijua kazi yenyewe: mgonjwa akishatibiwa, kuna mtu anakaa na faili la daktari, anageuza kila ugonjwa na kila tiba kuwa namba, na namba hizo ndizo zinazopelekwa kampuni ya bima kudai malipo. Namba ikikosewa, bima inarudisha madai. Hospitali inakaa bila pesa yake, au mgonjwa anapigiwa simu aje alipe mwenyewe. Nilipoelezwa hivyo nilielewa palepale, maana ndiyo kazi ninayofanya. Kila mzigo unaopita hapa mpakani una namba ya HS, ile ya kimataifa ya kuainisha bidhaa, na tarakimu 6 za mwanzo ni zilezile karibu dunia nzima. Mzigo wa vitenge ukiuandikia namba ya mitumba, lori linalala na mwenye mali analia. Nikasema hii ni kazi ya akili, tena ya heshima. Nikalipa.

Nimelipa Sh 1,350,000 kwa semista, semista 4. Kuna "ada ya vitendo" Sh 300,000. Semista ya tatu wakaja na "usajili wa mtihani wa kimataifa" Sh 1,500,000, ukichelewa unaondolewa kwenye orodha. Niliuza pikipiki yangu nikatuma jioni ileile. Chumba cha Bwaise, chakula na kompyuta sivihesabu, hivyo angevihitaji popote.

Sasa sikilizeni.

Mwezi uliopita alianza kutafuta hospitali ya kufanyia mafunzo kwa vitendo. Chuo kilichokula ada ya vitendo kilimpa barua tu, kikamwambia atafute mwenyewe. Alizunguka hospitali nne za binafsi. Tatu hazikumpokea hata getini. Ya nne, mama mmoja wa ofisi ya madai ya bima alimhurumia, akamkalisha, akampa faili la mgonjwa lililofunikwa jina. Akamwambia, "Mwanangu, nisomee daktari ameandika nini, halafu nipe namba." Mdogo wangu hakuweza kusoma vifupisho vya daktari. Alipofika kwenye namba akaandika alichofundishwa. Yule mama aliitazama karatasi kwa muda, akamuuliza hizi namba umezitoa wapi.

Ijumaa alipanda basi akarudi nyumbani. Hakusema kitu mpaka tulipomaliza kula. Kisha akaweka vitini vyake mezani, vya fotokopi, akasema, "Kaka, nadhani tumedanganywa."

Nilivichukua nikaanza kusoma kama ninavyosoma kitabu cha ushuru. Shinikizo la damu, 401. Kisukari, 250. Malaria, 084. Nikachukua simu, nikafungua tovuti ya Shirika la Afya Duniani, WHO, ambako orodha nzima ya magonjwa na namba zake imewekwa wazi, bila kulipia hata senti. Shinikizo la damu ni I10. Kisukari cha aina ya pili ni E11. Malaria inaanzia B50 hadi B54, kwa kutegemea kimelea, na B54 ni ile ambayo daktari hakubainisha aina. Hiyo ni ICD-10, toleo la kumi la orodha hiyo. Na WHO walishatoa ICD-11, imeanza kutumika rasmi tarehe 1 Januari 2022, na humo malaria ya kimelea cha falsiparamu ni 1F40.

Basi hizo 401 na 250 ni za wapi? Ni za ICD-9, toleo ambalo Marekani wenyewe waliacha kulitumia tarehe 1 Oktoba 2015. Siku hiyo mdogo wangu alikuwa bado shule ya msingi! Kwa miaka 2 mtoto amekariri namba zilizozikwa kabla hajaanza sekondari, na mimi ndiye niliyezilipia. Ningepeleka namba za HS za zamani hivyo kwenye mfumo wa forodha, leseni yangu ingekwisha wiki ileile.

Jumatatu nilikuwa Kampala saa mbili asubuhi. Mratibu wa kozi alinikaribisha vizuri, akaniita mzee, akanionyesha leseni ya chuo ukutani, ndani ya fremu. Nikamwambia leseni ya chuo nimeiona, naomba ithibati ya kozi hii. Akasema ni kitu kimoja. Ndugu zangu, si kitu kimoja! Hapa Uganda, Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, NCHE, linatoa leseni kwa chuo, na kila programu inapewa ithibati yake peke yake, tena kwa muda maalumu. Mimi nina leseni ya uwakala, lakini kila mzigo una karatasi zake. Siwezi kupitisha dawa kwa kibali cha mchele. Nikakaa pale mpaka akatoa faili. Kozi ya bili na misimbo haina ithibati. Wanafunzi wote wa darasa lile wamesajiliwa chini ya stashahada ya usimamizi wa biashara. Cheti kitakapotoka ndivyo kitakavyosomeka. Nilipouliza mbona hamkusema, akajibu "iko kwenye mchakato."

Na ile Sh 1,500,000 ya mtihani wa Marekani? Hajasajiliwa mahali popote. Mtihani wenyewe upo kweli, na hili ndilo linaloniuma zaidi, kwamba wamejifunika kitu cha kweli. Unaitwa CPC, unatolewa na chama cha AAPC cha huko Marekani, maswali 100 kwa saa 4, na mtahiniwa anaruhusiwa kuingia na vitabu vyake vya misimbo. Vitabu hivyo ni lazima viwe vya toleo linalotumika, kwa sababu Wamarekani wana ICD-10-CM yao, inayobadilishwa kila Oktoba, na CPT, namba za huduma na upasuaji, inayobadilishwa kila Januari. CPT ni mali ya chama cha madaktari wao, AMA, kitabu chake kinanunuliwa kwa pesa. Darasa la mdogo wangu halijawahi kukiona kitabu hata kimoja kati ya hivyo. Na hata ukifaulu mtihani huo bila uzoefu, jina lako linabandikwa herufi A ya mwanagenzi mpaka uthibitishe uzoefu wako. Hiyo "kazi ya dola ukiwa nyumbani" karatasi yao haikutaja uanagenzi wowote.

Kuna jambo jingine ambalo chuo kilinyamazia na mzazi lazima alijue kabla hajatoa shilingi. Hospitali za serikali za Uganda ziliacha kutoza wagonjwa mwaka 2001, isipokuwa kwenye wodi za kulipia. Humo namba za magonjwa zinatumika zaidi kwa takwimu: zile fomu za kila mwezi, HMIS 105 ya wagonjwa wa nje na 108 ya waliolazwa, zinazoingizwa kwenye DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya. Anayefanya kazi hiyo anaitwa ofisa wa rekodi za afya, na kozi yake ni ya rekodi na taarifa za afya. Kazi ya bili hasa iko hospitali za binafsi na kwenye kampuni za bima. Watu wa chuo walikuwa wakituambia bima ya afya ya taifa inaanza, kila kituo kitahitaji watu hawa. Mswada wa bima hiyo ulipita Bungeni mwaka 2021 na haukutiwa saini. Ukimuuzia mtu ajira inayosubiri sheria, mwambie basi kwamba sheria yenyewe haipo!

Nimeongea na yule mama wa ofisi ya madai kwa simu, Mungu ambariki, alinipa saa nzima. Anasema angempokea mtoto aliyesoma anatomia, istilahi za tiba na magonjwa ya kawaida ya hapa kwetu, hata kama hajui mfumo wao wa kompyuta, kwa kuwa mfumo unafundishika kwa wiki mbili. Anataka anayejua kuuliza daktari anapoona utambuzi wa ugonjwa haulingani na dawa zilizoandikwa. Anataka anayeelewa kwa nini bima inataka idhini kabla ya upasuaji, na nini kimetengwa kwenye mkataba wa mgonjwa. Na anayejua kufunga mdomo, maana tuna Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 na faili la mtu si habari ya kusimulia kwenye bodaboda. Nilimsomea ratiba ya semista zote nne. Kuchapa, Excel, ujasiriamali, stadi za mawasiliano, Excel tena. Anatomia: hakuna. Akanyamaza kwenye simu.

Wako watakaosema ningechunguza kabla. Ni kweli, na nimeshajilaumu vya kutosha usiku. Lakini aliyeandika karatasi ile alijua vizuri anaandika nini, na aliwaandikia watu kama mimi, tusiomaliza chuo, tunaoona neno Marekani tukaamini. Nimehesabu darasa lile wako 37. Wengine wametoka Arua, Kasese, Nebbi. Kuna mama aliuza ng'ombe.

Kwa mwenye mtoto anayetaka kozi hii mwaka huu: nenda mwenyewe kwenye orodha ya programu za NCHE au ofisini kwao Kyambogo, tafuta jina la kozi neno kwa neno, na tarehe ithibati yake inapoisha. Omba kuona kitabu cha misimbo kinachotumika darasani, usome mwaka kwenye jalada. Omba jina la hospitali inayopokea wanafunzi, uipigie. Mhasibu akikuharakisha kulipa leo leo, ondoka.

Mimi nimeandika barua ya kudai Sh 1,800,000 za vitendo na mtihani, nakala NCHE, na Jumatano narudi Kampala na stakabadhi zote za simu nimezichapisha. Ada ya semista nitaidai baadaye, sijaisamehe. Mdogo wangu anataka kuanza upya na kozi ya rekodi za afya Agosti, na kwa sasa ameanza mwenyewe mafunzo ya bure ya ICD ya WHO kwenye simu yangu, kwa hiyo nikichelewa kujibu humu jueni yeye ndiye ameishika.

Ninachoomba: kama una ndugu aliyesoma kozi ya jina hili chuo chochote Kampala, mwulize vitini vyake vinaandika shinikizo la damu kwa namba gani. Akikwambia 401, nitumie ujumbe kabla ya Jumatano tuongozane.