Naomba ushauri: siku moja Istanbul na familia

Ndugu zangu, tunatarajia kuondoka Entebbe mwezi wa Desemba, mimi, mke wangu, watoto na mama mkwe, na tutakuwa na siku moja tu Istanbul, ambayo ni Jumapili, siku ambayo lile soko kubwa la kale lenye paa, Kapalıçarşı, hufungwa. Mke wangu anauza vitambaa hapa Kampala, na kwake safari isiyo na soko ni hasara tupu. Mimi ningetosheka na Hagia Sophia, kanisa la kale ambalo sasa ni msikiti, iliyokamilika mwaka 537, pamoja na msikiti wa Sultan Ahmed ulio karibu nayo, kisha tuvuke mlango wa bahari wa Bosphorus kwa feri hadi Üsküdar, upande wa Asia. Watoto hawazungumzii kitu kingine ila hiyo feri.

Je, ni busara kusogeza tiketi hadi Jumatatu na kulipia hoteli usiku mmoja zaidi, au kuna mitaa ya vitambaa inayofanya biashara Jumapili? Tena, mama ana matatizo ya magoti: je, tramu ya kwenda Eminönü, kwenye gati la feri, itamfaa, au tukodi teksi, ingawa nasikia foleni za huko hazina tofauti na zetu? Waliowahi kwenda huko na wazee, tafadhali nielekezeni.