Ruzuku ya miezi 18 haiwezi kupima tabianchi, na wafadhili wanalijua hilo

Ndugu wanajukwaa, hasa ninyi mnaofanya utafiti wa misitu, maji, wanyamapori na tabianchi, nimefungua uzi huu kwa hasira niliyoibeba kwa muda mrefu, na naomba mnisome hadi mwisho kabla ya kunijibu. Wiki hii nimepokea barua ya kukataliwa ombi la kuendeleza upimaji wa ploti za msitu, yaani vipande vya msitu vilivyotengwa ili miti yake ipimwe tena na tena, ambazo timu yetu imezihudumia kwa miaka tisa. Sababu iliyotolewa ni sentensi moja tu, kwamba kazi tunayoipendekeza ni marudio ya kazi iliyokwishafadhiliwa na haina jambo jipya la kutosha. Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Marudio ndiyo kazi yenyewe!

Kwa wasioifahamu shughuli hii, naomba niieleze. Kila mti uliomo ndani ya ploti una kibati cha alumini chenye namba, na shina lake lina mstari wa rangi kwenye kimo cha mita 1.3 kutoka ardhini. Kila mwaka utepe huzungushwa juu ya mstari uleule. Mmoja husoma kipimo kwa sauti, mwenzake hukirudia kwa sauti, kisha ndipo hukiandika daftarini kwa penseli, kwa sababu wino huyeyuka mvua inaponyesha. Mti wa msitu wa asili unaweza kunenepa kwa milimita chache tu kwa mwaka, kwa hiyo utepe ukipanda au ukishuka kidogo tu, unafuta ukuaji wa miaka kadhaa. Tunachokitafuta hakimo katika kipimo cha mwaka wowote mmoja. Kimo katika tofauti kati ya mwaka na mwaka, na anayeuondoa mwaka mmoja katikati hapunguzi kazi kwa sehemu moja ya tisa, bali anaikata kamba.

Sisi kamba yetu imekwishakatwa mara moja. Ruzuku ya pili iliisha, ya tatu ikaidhinishwa, lakini fedha zake ziliingia baada ya miezi 14, na katika miezi hiyo ukapita ukame mkali kuliko yote tuliyokuwa tumeishuhudia tangu tuanze. Tuliporudi tulikuta miti mikubwa imekauka ikiwa bado imesimama, magome yamebanduka na kulala chini kwenye mashina. Ilikufa lini? Kabla ya ukame, katikati yake, au baadaye wakati mvua zilipokwisha kurejea? Hakuna mtu duniani anayeweza kujibu leo, na hilo ndilo swali ambalo ploti zile ziliwekwa ili zilijibu. Betri za vifaa vya kurekodi joto na unyevu zilikuwa zimekwisha nguvu zamani. Wasaidizi wetu wawili, waliokuwa wakiitambua miti kwa gome, harufu na utomvu, walikuwa wamekwenda kutafuta riziki kwingine, na sina ubavu wa kuwalaumu. Waliochukua nafasi zao, kwa kukosa mtu wa kuwaelekeza, waliuzungusha utepe kwenye mizizi ya baadhi ya miti iliyotanuka kama kuta badala ya kupanda na kupima shina lililo juu ya mizizi hiyo, matokeo yake kwenye jedwali ikaonekana miti imevimba ghafla kisha mwaka uliofuata ikasinyaa. Ilituchukua miezi mitatu kusafisha takwimu hizo, kazi ambayo haikuwa kwenye bajeti ya mtu yeyote.

Linaloniuma zaidi ni kwamba wafadhili hawawezi kusema hawakujua. Mwanasayansi wa Marekani Charles David Keeling alianza kupima gesi ya kaboni dioksidi hewani kwenye mlima Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958, wakati kiwango chake kilikuwa takriban sehemu 315 kwa milioni. Leo kimevuka 420. Mwanzoni mwa mwaka 1964 upimaji huo ulisimama kwa muda kwa sababu ya kukatwa kwa fedha, na pengo hilo limebaki ndani ya rekodi mpaka leo. Mtu huyo alitumia sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi akiutetea upimaji wake mbele ya watu walioiita shughuli hiyo ya kawaida mno, isiyostahili fedha za sayansi. Sasa mchoro wa vipimo vyake, wenye mstari unaopanda, ndio unaopambia nyaraka za wafadhili za kuita maombi ya ruzuku. Tunaonyeshwa tunda, kisha tunakatazwa kupanda mti.

Shirika la Hali ya Hewa Duniani hukokotoa wastani wa tabianchi kwa kipindi cha miaka 30, na kipindi kinachotumika sasa ni cha 1991 hadi 2020. Sisi tunapewa miezi 18. Katika hiyo 18, mitatu huishia kwenye mkataba na vibali, miwili ya mwisho huishia kwenye kufunga mahesabu na kuandika ripoti, na kazi ya msituni inabaki na miezi 13, ambayo kwa bahati mbaya inaweza kuangukia msimu mmoja wa mvua au miwili. Halafu ripoti yenyewe ina kisanduku kinachoniuliza mradi umeleta mabadiliko gani yanayopimika. Kwa miezi 13!

Mafunzo nayo yana ugonjwa wake. Kwa miaka mitano nimehudhuria warsha nne, zote za siku tatu hadi tano, zote zikifundisha hatua za mwanzo za kuchambua takwimu kwa kompyuta, na vyeti vinne ninavyo kabatini. Hakuna hata moja iliyonifundisha namna ya kuhakiki usahihi wa kipima unyevu, kufungua kifaa kilichoingia maji na kukifufua, au kukausha kielelezo cha mmea kiweze kutambuliwa na mtaalamu. Aliyenifundisha kutofautisha miti ni mzee mmoja niliyetembea nyuma yake kwa misimu miwili, na hakuna bajeti niliyowahi kuiandika iliyokubaliwa ikiwa na fungu la kumlipa mtu kama yeye, kwa kuwa hana shahada. Ukumbi, chakula na mabango vina fungu, yeye hana.

Kuna pia zile nafasi za mafunzo nje ya nchi zinazotangazwa kuwa zimegharamiwa kikamilifu, kumbe maana yake ni kwamba ulipe nauli na viza mwenyewe, kisha upeleke risiti na kusubiri marejesho. Mwenzetu mmoja, mpimaji makini kuliko sisi sote, alichaguliwa na akashindwa kupata nauli ndani ya wiki mbili alizopewa. Kwenye orodha yao aliandikwa kuwa amejitoa.

Na hili si suala la hisani. Mkataba wa Mfumo wa Umoja wa Mataifa kuhusu mabadiliko ya tabianchi, wa mwaka 1992, una Ibara ya 5 nzima inayohusu utafiti na uangalizi wa mfululizo, ikitaka uwezo wa nchi zinazoendelea katika kazi hiyo uimarishwe. Mkataba wa Paris wa 2015, katika Ibara ya 11, unasema kujenga uwezo kutokane na mahitaji ya nchi zenyewe na kuwe mchakato wa kurudiarudia. Mwaka 2024, kwenye mkutano wa Umoja wa Mataifa wa tabianchi kule Baku, Azerbaijan, yalitajwa malengo ya dola bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035 kwa ajili ya nchi zinazoendelea. Mimi naomba rangi, vibati, misumari, penseli, betri na ujira wa watu wanne, kwa ahadi isiyokatika katikati.

Sipingi ukaguzi wa fedha. Tukaguliwe kila mwaka, hata kila nusu mwaka. Ninachokitaka ni ruzuku ya walau miaka mitano inayoweza kuongezwa kabla haijaisha, fedha ndogo ya kuvusha timu wakati maombi mapya yanasubiri uamuzi, nauli inayolipwa kabla ya safari, na wapitiaji wa maombi ya ruzuku wanaoelewa kwamba kipimo kilekile, mahali palepale, kwa njia ileile, hakina mbadala.

Naomba kila aliyekumbwa na haya aandike hapa chini mambo matatu: ruzuku yake ilikuwa ya muda gani, fedha zilichelewa kwa miezi mingapi, na ni kipimo gani kilichopotea katika kusubiri huko. Msitaje majina ya wafadhili. Nitayakusanya majibu kwa mwezi mmoja kisha nitaandaa rasimu ya barua ya pamoja, na nitaiweka hapahapa ili muirekebishe kabla haijatumwa. Kwa upande wangu naanza: miezi 18, miezi 14, na tarehe za kufa kwa miti 37.