Wanachuo kwenda kuzibua mitaro Kigogo, Dar es Salaam: tuanzie wapi?

Katibu wa kikundi, Morogoro
Habari zenu, wakubwa kwa wadogo. Kikundi chetu cha wanafunzi wa kujitolea kimekubaliana kwenda Dar es Salaam wakati wa likizo, kabla ya vuli, kuzibua mitaro ya maji ya mvua katika kata ya Kigogo. Nauli ya treni tumeshachangishana na pa kulala pamepatikana. Linalonitia wasiwasi ni kwamba hakuna hata mmoja wetu anayetoka huko, nami nisingependa twende kupiga picha na fulana mpya, kisha tuwaachie wenyeji kazi ileile. Naomba mwenye uzoefu atuelekeze.

Mkazi wa Kigogo
Karibuni sana, mdogo wangu. Kazi hiyo ina maana kubwa kwetu tunaoishi kando ya Mto Msimbazi, maana mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua watu jijini na kuwafanya wengine wahamishiwe Mabwepande, pembezoni mwa jiji, hatujayasahau. Tatizo ni tope linakokwenda baada ya kuchimbwa. Wageni huchimba mchanga, chupa na viroba, wakavirundika ukingoni, wakaaga vizuri, na mvua ya kwanza ikavirudisha vyote mtaroni. Mrundo wa namna hiyo ulikaa mbele ya genge la jirani yangu hadi ukakauka, watoto wakawa wanaupanda na kuushuka, na mvua za Novemba zilipoanza mtaro ulikuwa umejaa tena.

Kwa hiyo, kabla hamjanunua koleo hata moja, mwandikieni mtendaji wa kata barua yenye muhuri wa chuo, nakala kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, muombe gari la manispaa lije siku ileile ya kuchimba na kuzipeleka taka dampo la Pugu Kinyamwezi. Gari likikosekana, ni heri mchimbe kipande kifupi kinachoweza kuzolewa chote kwa toroli. Mwulizeni pia ni maeneo gani bado yana watu, kwani nyumba nyingi za bondeni zimebomolewa baada ya wenyewe kulipwa fidia chini ya mradi wa Bonde la Msimbazi, wa kupunguza mafuriko.

Muuguzi
Naongeza la afya. Maji ya mitaro ile si ya mvua peke yake, kwa sababu mvua ikinyesha wapo wanaotapisha vyoo vyao humo, na mkojo wa panya huleta homa ya mgunda. Kila mmoja awe na gambuti na glavu nene za mpira, achome chanjo ya pepopunda mapema, na mwenye kidonda asishuke mtaroni hata akijiona mzima.

Mchora ramani
Wasioweza kuchimba msiwaache nyuma. Kuanzia 2015, katika mradi wa Ramani Huria, wanafunzi wa vyuo, wakiwemo wa Chuo Kikuu Ardhi, walipita mitaani na wenyeji wakiwa na simu, wakaingiza nyumba, njia na mitaro katika OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni ambayo yeyote anaweza kuitumia bure. Nanyi mnaweza kuonyesha mtaro upi umeziba, upi umejengewa juu, na maji yalifika kimo gani ukutani. Mimi ningeipa kazi hii muda mwingi kuliko koleo, kwa sababu manispaa inaweza kuitumia hata mkiwa mmesharudi darasani.

Katibu wa kikundi, Morogoro
Ahsanteni mno. Je, hapo mtaani hakuna vijana wanaolipwa kuzibua mitaro, ambao tutawanyang'anya riziki?

Mkazi wa Kigogo
Wapo, na umefanya vyema kuwakumbuka. Mwenyekiti awakutanishe nao kabla ya safari, na fedha za fulana ziwe posho yao, kwa kuwa wao ndio wanaojua kila mtaro unakoanzia na ni nani atakayegoma kufunguliwa mfuniko mbele ya duka lake. Barua ipelekeni mapema, kwa sababu gari la manispaa haliombwi leo likaja kesho.