Uzio wa White House: nani aliwalazimisha wafike karibu mita 4?

Fundi_Vyuma:
Wakuu, habari zenu. Kazi yangu ni kuchomelea mageti na grili za madirisha, kwa hiyo nikiona picha ya White House jicho huenda kwenye vyuma kabla ya jengo. Picha za miaka ya nyuma zinaonyesha uzio ambao kijana mwepesi anaurukia bila shida. Za sasa zinaonyesha kitu kama mita 4. Nini kilitokea hapo katikati? Na mwanzoni kabisa palikuwa na nini?

Babu_Kumbukumbu:
Fundi, karibu. Rais Thomas Jefferson alipoingia mwaka 1801 palizungushiwa uzio wa mbao, na baadaye akajenga ukuta wa mawe. Waingereza wakaichoma nyumba Agosti 1814. Ilipokwisha kujengwa upya, enzi za Rais Monroe, fundi chuma Paulus Hedl akapewa kazi ya uzio wa chuma na mageti upande wa kaskazini, 1818 hadi 1819. Huyo ni wa fani yako.

Lakini usidhani vyuma vile vilimzuia mtu. Mchana mageti yalikuwa wazi, mwananchi anaingia bustanini na kutembea zake. Yakafungwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Rais Harding akayafungua tena 1921. Wajapani walipoipiga Pearl Harbor, kituo cha jeshi la majini la Marekani, Desemba 1941 yakafungwa, na uhuru ule haukurudi tena. Watu hupenda kubishana kuhusu kimo. Mimi naona badiliko kubwa kuliko yote ni hilo la kufuli.

Uzio mfupi unaouona kwenye picha, wa mita 2 hivi, ni wa miaka ya 1960. Mwaka 1974 uliaibika mara mbili. Februari askari aliiba helikopta ya jeshi akatua nayo kwenye majani ya kusini, na hapo hakuna fundi wa kulaumiwa. Siku ya Krismasi mtu mwingine akalivunja geti kwa gari, akidai yeye ni Masihi. Mageti yakaimarishwa. Mei 1995, mwezi mmoja baada ya bomu la lori lililobomoa jengo la serikali Oklahoma City, serikali ya Clinton ikafunga barabara ya Pennsylvania Avenue kwa magari mbele ya nyumba. Bomu la ndani ya lori halizuiwi na nondo, linazuiwa na umbali.

Kilichoumaliza uzio ule ni tukio la tarehe 19 Septemba 2014. Mwanajeshi wa zamani mwenye kisu mfukoni aliruka upande wa kaskazini, akakata mbio, akaingia mlango wa mbele mpaka ukumbi mkubwa wa East Room. Obama alikuwa ameondoka muda mfupi tu kabla. Mkuu wa Secret Service, kikosi kinachomlinda rais, Julia Pierson, alijiuzulu Oktoba mosi.

Mbishi_Kiasi:
Mzee, samahani, hapo kosa ni la uzio kweli? Mtu avuke uwanja mzima, apite mlangoni, halafu tulaumu chuma?

Babu_Kumbukumbu:
Hoja yako ina uzito. Mlango haukufungwa kwa ufunguo. Kengele ya tahadhari karibu na mlango ilikuwa imezimwa sauti. Askari wa mbwa alikuwa anaongea kwenye simu yake binafsi. Mita 4 zisingetibu lolote kati ya hayo. Ila kamati iliyochunguza ilisema uzio mrefu unawanunulia walinzi sekunde za kuamua, na hilo nalikubali. Wakaanza na miiba ya muda mwaka 2015. Machi 2017 mwingine akaruka na kuzurura humo zaidi ya dakika 15, miiba ikiwa juu! Ujenzi wa uzio mpya ukaanza Julai 2019.

Nuru_Swali:
Na ule wa 2020 ambao watu waliubandika mabango?

Babu_Kumbukumbu:
Ule ni mwingine, wa muda, ulizungushwa mpaka Lafayette Square, bustani iliyo mbele ya nyumba, wakati wa maandamano ya kifo cha George Floyd.

Mbishi_Kiasi:
Aprili 2023 mtoto mdogo alipenya kwenye huo uzio mpya wa mamilioni, akaokotwa na walinzi ndani. Na mwaka 2014 mwingine alipenya ule wa zamani.

Fundi_Vyuma:
Subiri. Nafasi kati ya nondo ni kiasi gani?

Babu_Kumbukumbu:
Kama sentimita 14. Wa zamani ulikuwa na nafasi finyu zaidi kwa inchi moja. Tume za usanifu za Washington zilitaka nyumba iendelee kuonekana kutoka barabarani.

Fundi_Vyuma:
Sentimita 14? Mimi kwenye baraza ya mtu mwenye watoto sivuki 10. Kichwa kikipita, mwili unafuata. Kama wanataka nyumba ionekane, wangepunguza unene wa nondo, siyo kupanua nafasi. Mzee, unajua nondo zao zina unene gani?